Je, wajua kwa nini kitu "hakifai" hata kama hakijamuumiza mtu?

Juzi kijiwe cha kahawa huku Nkuhungu, Dodoma, nikawatupia hii: mbwa wa familia kagongwa na gari kafa, wenyewe wakamchuna wakampika wakamla, jirani hakuna aliyeona, je wamekosea? Aisee kijiwe kiliwaka, babu mmoja akaweka na kikombe chini, "Haifai!" Kwa nini babu? "Wataugua." Nikamwambia kaiva vizuri na hakuna aliyeugua. Akawaza weee, mwisho akasema, "Mjukuu wangu, haifai tu." (Wahehe msinitafute, sijawataja.)

Stori yenyewe siyo yangu, mwanasaikolojia wa Marekani Jonathan Haidt na wenzake waliwauliza watu wa Brazil na wa Philadelphia kule Marekani, wakachapisha 1993. Wasomi wa chuo wa Philadelphia wengi walisema kinyaa wanaona ila mbwa ni wao, waacheni, wakati watu wa kipato cha chini, hata wa Philadelphia hiyohiyo, walisema ni kosa kabisa. Na hapa ndo mimi nilishangaa, tofauti ya tabaka ilikuwa kubwa kuliko tofauti ya mji na mji.

Haidt anasema moyo unahukumu kwanza, akili inafuata nyuma kama wakili aliyeshaambiwa mteja wake lazima ashinde, ndo maana babu alikosa sababu lakini hakubadili hukumu hata kidogo.

Sasa moyo wenyewe unashtushwa na vitu tofauti. Mtoto akimpa mzee maji kwa mkono wa kushoto hapa Dodoma hakuna aliyeumia wala aliyedhulumiwa, ila jaribu uone. Mwaka 2009 Haidt na wenzake, Jesse Graham na Brian Nosek, walionyesha kuwa waliberali (wapenda mabadiliko) huwa wanaangalia zaidi mambo mawili, nani kaumia na nani kaonewa, ila wahafidhina (wanaoshikilia mila) wanayapima hayo karibu sawa na mengine matatu: kutosaliti kundi lako, kuheshimu wakubwa, na kutojichafua mwili na roho. Kwa hiyo wakibishana kila mmoja anamwona mwenzake hana utu kabisa, kumbe ameshtushwa na kitu ambacho mwenzake hata hakukiona.

Kijiweni tulishaanza kutulia, dogo wa bodaboda akauliza, "Na kama mbwa alikuwa wa jirani?" Babu hakusubiri hata nusu sekunde: "Huo sasa ni wizi!" Na kijiwe kizima, wasomi na wasiosoma, tukaitikia.