Cheni kuchomoka na cheni kuruka ni vitu viwili

Nimemsikia tena fundi akimwambia mteja: "Cheni imelegea, ndiyo maana inachomoka. Ngoja niikate pingili mbili." Baiskeli yenyewe ilikuwa na sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) moja mbele na 11 nyuma. Kwa Phoenix ya gia moja asingekuwa mbali na ukweli: unalegeza nati za gurudumu la nyuma, unalivuta, unakaza, safari inaendelea. Kwa hii, anamtafutia mwenzake hasara.

Cheni kuchomoka ni cheni kutoka kabisa kwenye meno ya sproketi, ikaangukia upande wa fremu au wa pedeli, ukabaki unakanyaga hewa. Kuruka ni shauri jingine: cheni haiendi popote, ila ukikandamiza pedeli inapanda juu ya jino na kudondokea la pili, mguu unashtuka. Mara nyingi kuruka ni ugonjwa wa uchakavu, na kipimo chake ni rula tu. Kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, kwa hiyo pini ya 1 na ya 25 zinatakiwa ziachane inchi 12 kamili. Ikizidi kwa moja ya kumi na sita ya inchi, nunua cheni. Hapo hakuna cha kukaza.

Kuchomoka hakutaki uchakavu. Barabara ya makorongo inatosha. Baiskeli ikidunda, cheni ya chini inapigapiga, mkono wa kibadilisha gia cha nyuma, ule unaoikaza cheni, unavutwa mbele, ulegevu unapanda hadi juu, na cheni inaingia kwenye sproketi ya mbele ikiwa imepinda. Ukiwa kwenye sproketi ya mwisho nyuma, ile ya ndani kabisa au ya nje kabisa, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu cheni tayari imeenda mshazari.

Halafu kuna wanaosema sproketi ikiwa moja mbele cheni haina pa kwenda. Kinyume chake! Sproketi zikiwa zaidi ya moja mbele, kuna kibadilisha gia cha mbele cha kuihamisha cheni; hicho kilichoondolewa kilikuwa na bamba mbili zilizoikumbatia cheni kushoto na kulia. Kilikuwa mlinzi bila kuajiriwa kwa kazi hiyo, na kilipoondoka ilibidi watengenezaji watafute mlinzi mwingine.

Mwaka 2012 kampuni ya vipuri vya baiskeli ya SRAM ilitoa mfumo wa gia wa XX1, wenye sproketi ya mbele ambayo meno yake yanapokezana, nene kisha jembamba. Pingili za cheni nazo zinapokezana: ya nje ina nafasi pana, ya ndani ina nafasi finyu. Jino nene linaijaza ile pana, na cheni haipati pa kuchezea. Ndiyo maana sproketi hizi zina meno ya shufwa, 32 au 34, kamwe si 33. Ukiivalisha cheni kwa kukosea pingili moja, jino nene linakutana na nafasi finyu na cheni inakaa juujuu. Mlinzi wa pili ni klachi ndani ya kibadilisha gia cha nyuma, inayouzuia mkono wake usivutwe mbele ovyo. Katika baadhi ya vibadilisha gia vya kampuni ya Shimano, klachi hiyo ina kiswichi cha kuizima wakati wa kutoa gurudumu, na nusu ya "cheni inachomoka" ninazoletewa ni kiswichi ambacho hakikurudishwa.

Walinzi hao wawili bado hawafuti tatizo. Tarehe 27 Mei 2023, kwenye mlima wa Monte Lussari, mwendesha baiskeli Primož Roglič akiwa na sproketi moja mbele alichomokewa na cheni katikati ya hatua ya mbio za muda (kila mmoja peke yake dhidi ya saa) ya Giro d'Italia, mbio kubwa za baiskeli za Italia. Akashuka, akairudisha kwa mkono, akashinda hatua hiyo na kulitwaa Giro kwa sekunde 14. Asiyetaka presha hiyo hufunga kiongoza cheni, kijibano kidogo kwenye fremu juu ya sproketi.

Kukata pingili? Cheni ikiwa fupi mno, siku utakapoingia sproketi kubwa ya nyuma kwenye mlima itanyooka kama waya na kung'oa kibadilisha gia chote. Kwa hiyo, fundi wangu, kabla ya kushika kifaa cha kukatia, muulize mteja kwanza: ilitoka mbele, au iliruka nyuma?