Skwelchi haiondoi kelele

"Redio ilikuwa na mikwaruzo, nikapandisha skwelchi hadi mwisho, sasa imetulia ila simpati mtu." Kauli hii nimeisikia mara nyingi mno, na kila anayeitoa anaamini ametengeneza kitu. Hujatengeneza! Skwelchi, kile kirungu cha kunyamazisha redio ya CB ya kwenye gari (redio ya kuongea na wenzako kwa mawimbi), ni lango la spika. Mawimbi yanayoingia yasipofikia kiwango ulichoweka, spika inafungwa, basi. Kelele ziko palepale, na mwenzako wa mbali mwenye mawimbi hafifu umemfungia nje pamoja nazo. Ni sawa na kuziba masikio mtoto anapolia, kisha ukajisifu kwamba umembembeleza.

Fungua skwelchi yote. Sikiliza huo uchafu, maana ndio utakaokuonyesha unakotoka.

Injini ikiwa inaunguruma, chomoa kebo ya antena nyuma ya redio, na usiguse kitufe cha maiki hadi uirudishe, kwa sababu kurusha bila antena kunaweza kuunguza transista za mwisho, zile zinazosukuma mawimbi kwenda antena. Kelele zikiendelea, zinapitia waya wa umeme. Zikikatika, zinaingia kwa antena, na kile kichujio ulichouziwa ufunge kwenye waya wa betri hakitakufaa kitu. Jaribio hili halina gharama, lakini watu bado wanaanzia dukani.

Tuseme zimeendelea, na ni mluzi unaopanda kila ukikanyaga mafuta. Hiyo ni alteneta. Acha kuiba umeme kwenye kiberiti cha sigara. Vuta waya za redio hadi kwenye betri yenyewe, chanya na hasi, zenye fyuzi. Mara nyingi mluzi unafia hapo.

Zikikatika ulipochomoa antena, kazi ndiyo inaanza. Chomoa vitu kimoja kimoja, chaja ya simu ikiwa ya kwanza: ndani yake umeme unakatwa maelfu ya mara kwa sekunde, na takataka zake zinafika hadi megahezi 27 tunazotumia. Taa za LED za bei ya chini zina tabia hiyohiyo. Ukimkamata mhalifu, zungusha waya wake kwenye pete ya feraiti, ile kauri ya chuma inayozuia kelele zisipite kwenye waya. Usiupitishe mara moja tu ukaondoka. Mizunguko ikiongezeka maradufu, kizuizi kinakaribia mara nne. Mlio wa tak-tak-tak unaokwenda na injini ya petroli ni cheche za plagi, kwa hiyo weka plagi zenye rizista na ukague nyaya zake. Swichi ya NB (noise blanker, ya kukata mapigo ya kelele) kwenye redio ilibuniwa kwa mapigo mafupi kama hayo. Kwenye mvumo usiokatika haina la kufanya.

Halafu kuna kuunganisha boneti, milango na bomba la ekzosi na bodi kwa mkanda wa shaba uliosukwa. Vitabu vinauandika kama dawa. Mimi nimeona gari likitulia mara moja, na jingine la aina ileile lisibadilike hata kidogo, na hadi leo siwezi kukutabiria lako litakuwa lipi. Jaribu ekzosi kwanza.

SWR ya 1.1, yaani kipimo kinachoonyesha antena inalingana vizuri na redio, nayo haipunguzi kelele, tafadhali. Na ukizima injini ukaendelea kusikia watu wanaopigana vikumbo kwa lugha usiyoijua, gari halina kosa: anga ya juu imeyarudisha chini mawimbi yao kutoka maelfu ya kilomita. Hama chaneli, au subiri jua lizame.