Je, wajua kwa nini akili mnemba inaweza kupeleka bunga Nairobi badala ya komini ya Kenya?

Mteja anaandika kwenye simu: «Mama, bunga iko? Mutume mifuko kumi ku Kenya, kesho saa mbili.» Muuza bunga, yaani unga wa mahindi, yeyote wa hapa Lubumbashi, Kongo, anauelewa ujumbe huo kabla hajaumaliza. Kenya ni komini, yaani sehemu mojawapo ya kiutawala, ya hapahapa mjini. Saa mbili ni ya asubuhi, maana nani anapokea mifuko ya bunga usiku?

Sasa tuseme mwenye depo, pale Kamalondo, ameweka wakala wa akili mnemba ajibu ujumbe na kupanga safari za gari la mzigo. Wakala anausoma, anapiga hesabu ya kusafirisha mifuko kumi hadi Nairobi, na anaandika muda wa kufika: 02:00. Yaani saa nane za usiku.

Haraka utasema modeli, yaani ubongo wa wakala huyo, haijui mji wetu. Mara nyingi inaujua. Iulize komini za Lubumbashi, Kenya itaitaja. Tatizo liko kwenye maneno mawili matatu ambayo mtengenezaji wa programu aliyaandika mbio mbio siku ya kwanza, akayasahau.

Modeli ya lugha, peke yake, hutoa maneno tu. Haifungui daftari la depo wala haimpigii dereva. Ili iweze kazi hizo hupewa zana, yaani vipande vya programu vinavyofanya jambo moja moja: kuangalia stoki, kupanga safari, kutoa risiti. Kwa kila zana inaonyeshwa jina, maelezo, na orodha ya nafasi za kujaza. Basi. Msimbo ulio nyuma haiuoni hata mstari mmoja. Inachagua zana na kujaza nafasi zake kama mtu anavyojaza fomu, kisha programu nyingine inaichukua ile fomu, inatekeleza, na kuirudishia jibu. Kampuni ya OpenAI iliufungulia watengenezaji mtindo huu Juni 2023, na Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ikatoa Model Context Protocol, utaratibu wa pamoja unaoziwezesha programu mbalimbali kutumia zana ileile. Hata huko, modeli inaongozwa na jina, maelezo na nafasi.

Kwa hiyo turudi kwenye zana ya depo yetu tuone wakala alisomeshwa nini. Jina: «peleka». Maelezo: «Hupeleka bidhaa.» Nafasi: mahali, saa, bei. Hakuna kingine. Ukimkabidhi karatasi hiyo binti wa dukani atakuuliza maswali kumi, au atajazia kwa kuwa amekulia hapa. Modeli nayo inajazia, ila inajazia kutoka kwenye maandishi ya dunia nzima, na huko «Kenya» kwa kawaida ni nchi.

Maelezo ya zana hiyo hiyo yangeweza kusomeka hivi:

«Hupanga safari ya mifuko ya bunga ndani ya mji wa Lubumbashi tu. Mzigo wa kuvuka mpaka wa Kasumbalesa usipitie hapa, tumia panga_mzigo_wa_nje. Komini: chagua Annexe, Kamalondo, Kampemba, Katuba, Kenya, Lubumbashi au Ruashi. Kenya hapa ni komini, si nchi. Uzito wa mfuko: kilo 10 au 25. Saa: andika kwa mtindo wa saa 24, kwa saa za Lubumbashi. Mteja akihesabu saa kwa Kiswahili, saa mbili asubuhi ni 08:00. Asipotaja asubuhi au usiku, muulize kwanza. Sarafu: CDF au USD, lazima itajwe.»

Kila sentensi pale imezaliwa na kosa. «Saa za Lubumbashi» ipo kwa sababu Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja, na kompyuta inayoendesha programu inaweza kuwa popote. Sarafu ipo kwa sababu hapa franka na dola zinatembea pamoja mkononi, na 20 ya dola si 20 ya franka. Sentensi ninayoipenda zaidi ni ile ya Kasumbalesa, kwa kuwa inasema zana isitumike wapi. Watengenezaji wengi huisahau, halafu wanashangaa wakala akizichanganya zana mbili zenye majina yanayofanana.

Usidhani basi uandike kurasa. Maelezo ya zana huingia kwenye kile modeli inachosoma pamoja na mazungumzo, yanakula nafasi na pesa, na zana hamsini zenye hadithi ndefu humvuruga wakala kuliko zana tano zilizonyooka. Wala maelezo si kufuli. Kama hutaki safari ipangwe bila malipo, zuia ndani ya msimbo. Kuandika «tafadhali usifanye» hakutoshi.

Hata jibu la kosa ni sehemu ya maelezo. Zana ikirudisha «kosa 400», wakala anabahatisha tena. Ikirudisha «Nairobi si komini ya Lubumbashi, chagua moja kati ya hizi saba», anajirekebisha mwenyewe.

Yote haya huyagundui ukiwa umekaa mezani unawaza. Chukua ujumbe ishirini wa wateja wa kweli, ufiche majina na namba zao, umpe wakala, kisha utazame alijaza nini kwenye kila nafasi. Utamwona akipita salama kwenye Kenya na kwenye saa mbili, halafu anakuja mteja wa kumi na saba: «Niko Lubumbashi, mulete mitano.» Je, anataja mji au ile komini yenye jina la mji? Unafungua maelezo tena, unaongeza: «Mteja akisema Lubumbashi bila kutaja avenyu, muulize yuko komini gani.»