"Andika tu maili elfu ishirini"

Kila msimu wa ritani za kodi hapa Marekani naisikia sentensi hiyo, na mwaka huu nimeisikia hadi nimechoka. Anayeisema huwa ni mchapakazi aliyejiajiri. Anasafisha nyumba za watu au anapaka rangi, na gari ndilo linalomfikisha kwa kila mteja, hivyo anataka maili hizo zihesabiwe kuwa gharama ya biashara ili kodi ipungue. Nikimuuliza daftari la safari liko wapi, anagusa kichwa: yote yamo humu.

Dhana: makadirio ya haki yanatosha.

Hayatoshi. Imani hii ina chimbuko. Mwaka 1930 mahakama ya rufaa iliamua, katika kesi ya George M. Cohan, msanii wa Broadway, kwamba mlipakodi asiye na risiti aweza kukadiriwa gharama zake. Watu wanaishikilia mpaka leo, wakati Kongresi ilishaufunga mlango huo kwa gharama za safari mwaka 1962, na baadaye magari ya kawaida yakaingizwa humo. Kifungu cha 274(d) cha sheria ya kodi kinataka ujue umbali, tarehe, ulikokwenda na ulikwenda kwa shughuli gani ya biashara. Ukikosa hayo, hakimu hana ruhusa ya kukukadiria, hata kama anaamini kabisa kwamba ulikuwa kazini.

Sasa piga hesabu. Kiwango cha IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, kwa mwaka 2025 ni senti 70 kwa maili. Maili 20,000 ni dola 14,000 za gharama, na ukaguzi unaweza kuzifuta zote. Linarudi deni la kodi na riba yake, na inaweza kuongezwa faini ya asilimia 20. Inaniuma kwa sababu safari zile mtu alizifanya kweli.

Weka daftari ndani ya gari. Andika odomita tarehe 1 Januari na tarehe 31 Desemba, kisha kila Jumapili jioni jaza safari za wiki. Kanuni zinalikubali daftari linalojazwa kila wiki. Programu ya simu ni sawa, mradi uipitie na kuandika sababu ya kila safari, kwani simu haijui ulikwenda kwa mteja au harusini. Tunza pia risiti za kubadilisha oili, kwa kuwa fundi huandika odomita na tarehe. Ushahidi huo hauna bei.

Dhana: nadai maili, halafu na mafuta.

Chagua moja. Ndani ya zile senti 70 mna mafuta, bima, matengenezo na uchakavu. Maegesho na ada za barabara kwa safari za kazi unaruhusiwa kuziongeza juu yake. Na kama gari ni lako, ukitaka kiwango cha maili lazima ukichague mwaka wa kwanza unapoliingiza kwenye biashara.

Dhana: kutoka nyumbani kwenda kazini ni safari ya kazi.

Ni safari yako binafsi, hata uendeshe saa mbili. Kibandiko cha biashara mlangoni hakibadilishi kitu. Lakini ofisi yako kuu ikiwa nyumbani, na inakidhi masharti, safari ya kwenda kwa mteja inahesabika.

Dhana: nimeajiriwa, natumia gari langu, basi nidai.

Mwenye W-2, yaani fomu ya mshahara ya mwajiriwa, amefungiwa mlango huu kwenye kodi ya shirikisho tangu 2018, isipokuwa makundi machache sana. Mwombe mwajiri akurudishie gharama.

Dhana: gharama ya dola 100 inarudisha dola 100.

Inapunguza mapato yanayotozwa kodi tu. Aliyejiajiri katika daraja la kodi ya mapato la asilimia 12, ukijumlisha kodi ya kujiajiri (ile ya pensheni na bima ya afya ya serikali), anaokoa chini ya dola 30.

Dhana: faini ya trafiki niliyopigwa nikiwa kazini ni gharama ya biashara.

Hapana. Risiti hiyo usiniletee.