Hicho "kiwango cha taifa" cha vifo vya lukemia mnacholinganisha na mkoa wenu, mnajua kimetoka wapi?

Imekuja tena. Safari hii kwenye grupu la harusi, ambako nilidhani tunasumbuana na michango tu. Kipande cha video, mheshimiwa mmoja anaongea kwa uchungu kwamba watu wa Kanda ya Ziwa wanakufa kwa lukemia, aina ya kansa ya damu, kuliko Watanzania wengine wote, chini yake mtu kabandika asilimia, na jibu la kwanza kabisa likawa "ni zebaki hiyo ya machimbo ya dhahabu, na samaki wanaovuliwa kwa sumu". Shemeji akanitag, mtaalamu tusaidie. Mtaalamu akaandika aya mbili, mtaalamu akaambiwa kanunuliwa na migodi. Basi naandika hapa mara moja, nikitagiwa tena natuma linki.

Tuanze na hiyo asilimia, maana ndiyo nyepesi. "Asilimia fulani ya wagonjwa wanatoka kanda fulani" sio kiwango cha vifo. Sio kiwango cha kitu chochote. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7 nchi nzima, sasa jumlisha Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Shinyanga na Simiyu, unapata zaidi ya milioni 16. Yaani zaidi ya robo ya nchi iko huko. Kwa hiyo ukiniambia robo ya wagonjwa wa kitu fulani wanatoka Kanda ya Ziwa mimi nakujibu sawa, na robo ya walimu pia, na robo ya bodaboda, na robo ya waliokosa usingizi jana. Bila kugawa kwa idadi ya watu hakuna mazungumzo.

Halafu wagonjwa wa wapi? Waliofika hospitali kubwa moja Dar. Hiyo ni sawa na kusimama stendi ya Magufuli pale Mbezi, uhesabu wanaoshuka kwenye mabasi ya Mwanza, kisha utangaze kwamba Wasukuma ndio wanaosafiri kuliko wote, wakati wa Kibaha wamepita na daladala hukuwaona. Nani anafika inategemea rufaa, nauli, bima, kama hospitali ya Bugando kule Mwanza mashine inafanya kazi wiki hiyo, kama kuna ndugu wa kumpokea mjini. Ugonjwa wenyewe ni sababu mojawapo tu kati ya hizo.

Na hapo kwenye ndugu wa kumpokea ndipo damu yangu inapochemka, nivumilieni. Ili kusema vifo vya mahali fulani ni vingi lazima ujue marehemu alikuwa mkazi wa wapi. Kwenye rejista za kansa (daftari za kuandikisha wagonjwa wa kansa wa eneo) tunatafuta makazi ya kawaida, yaani ulikuwa unaishi wapi kabla ya kuugua. Sasa njoo dirisha la mapokezi. Karani ana foleni ya watu hamsini, anauliza "unaishi wapi", baba wa Sengerema ambaye ana miezi kadhaa amelala sebuleni kwa binti yake Mbagala akisubiri dozi anajibu Mbagala, na namba ya simu anayoitoa ni ya binti. Imeandikwa Temeke. Anayefuata ni mama aliyehamia Dar tangu hajaolewa, anauza mboga Buguruni, anaulizwa anatoka wapi, anajibu Bukoba, maana ndiko kwao. Imeandikwa Kagera. Wote wawili wamejibu kwa ukweli kabisa na wote wawili wameingia mkoa usio wao. Kuna faili nimewahi kuliona lina mikoa mitatu: mmoja kwenye barua ya rufaa, mwingine kwenye kadi, wa tatu kwenye fomu ya maabara. Uchague mwenyewe.

Tena ngoja, haijaisha. Wengi tunawarudisha wafu wetu nyumbani. Mtu kaishi Dar miaka thelathini, kaugulia Dar, kafia Dar, anazikwa kijijini Muleba. Kijiji kinaona msiba. Kijiji kinahesabu, mwaka huu tumezika wanne wa kansa, na kweli wamezikwa wanne, ila kwenye hesabu huenda mmoja tu ndiye wa hapo. Sisemi wanadanganya. Nasema makaburi yanafuata ukoo, viwango vinafuata makazi, na hivyo viwili hapa kwetu havikai pamoja.

Sasa tuje kwenye upande wa pili wa ulinganisho, ambao hakuna anayeuliza: hicho cha taifa.

Watu wanadhani kuna ofisi imekaa Dodoma inahesabu kila aliyekufa kwa lukemia nchini, wanajumlisha, wanagawa, hicho ndicho kiwango cha taifa, na sisi wa mikoani tunajipima nacho kama fundi anavyopima ukuta kwa timazi. Hakuna. Namba mnayoiona mitandaoni, ile yenye jina la GLOBOCAN, inatoka kwa watu wa IARC kule Lyon, Ufaransa, ni shirika la utafiti wa kansa chini ya WHO, na wao wenyewe wanaandika wazi kabisa kwamba ni makadirio. Kwa nchi kama zetu wanachukua rejista chache za mahali fulani ndani ya nchi, na zikikosekana wanaazima kwa majirani, wanatengeneza idadi ya wagonjwa wapya. Vifo je? Vifo kwa sehemu kubwa havihesabiwi hata kidogo, vinapatikana kwa kuchukua hao wagonjwa wapya na kukadiria wangapi wangepona na wangapi wangekufa kwenye nchi ya kiwango chetu cha maendeleo. Ni modeli. Siidharau, ni kazi ya watu makini na naitumia kila wiki, ila huwezi kuichukua kama msingi wa zege.

Fikiria kidogo maana yake. Rejista ziko wapi? Ziko palepale penye hospitali za rufaa, kwa sababu ndipo penye darubini na mtu wa kuvuta uboho, ule ute wa ndani ya mfupa, upimwe. Kwa hiyo "taifa" kwa kiasi kikubwa ni mikoa michache iliyotanuliwa ikafunika nchi nzima. Mkoa wako ukiwa mmoja wa hiyo, unajilinganisha na kivuli chako. Usipokuwa humo, unalinganisha mahali penye vipimo na mahali pasipo na vipimo, na tofauti utakayoipata ni ya vipimo.

Kwa nini tusihesabu vifo moja kwa moja? Kwa sababu watu wanafia nyumbani, kibali cha kuzika kinatolewa, na cheti cha kifo kinafuatwa kama kuna mirathi au mafao. Sababu ya kifo inakuwa "homa", "kuishiwa damu", "aliugua muda mfupi". Tuna njia ya kwenda kuhoji wafiwa, uchunguzi wa kifo kwa maelezo, inasaidia sana kwa malaria, uzazi, ajali. Kwa lukemia haisaidii. Kwenye orodha ya WHO ya sababu zinazoweza kupatikana kwa njia hiyo, kansa ya matiti ina mstari wake, ya mfumo wa chakula ina mstari wake, lukemia inaangukia kwenye kapu la "uvimbe mwingine na usiojulikana". Kapu tu.

Na mtoto mwenye lukemia anaonekanaje? Homa, amepauka, amechoka, anatoka damu puani. Mkoa wenye malaria hiyo ni Jumanne ya kawaida. Anapewa dawa ya malaria, anaongezewa damu, anapata nafuu siku chache, anarudi, na wengine hawarudi. Kwenye takwimu za Afrika lukemia ya watoto inaonekana ndogo kuliko Ulaya na Marekani, na sisi wenyewe tunabishana mpaka leo ni kiasi gani ni kweli na ni kiasi gani ni watoto waliokufa kabla ya kuonwa na mtu mwenye darubini. Mimi naegemea kwamba sehemu kubwa ni hao wa pili. Wenzangu ninaowaheshimu wanasema naongeza chumvi.

Umri nipite haraka. Lukemia inapiga watoto wadogo, ile inayoanzia kwenye seli za limfu hasa kati ya miaka 2 na 5, halafu inapanda tena uzeeni. Kilimanjaro ina wazee wengi kuliko mikoa mingi, vijana wameondoka, kwa hiyo kiwango ghafi (vifo ukigawa kwa watu wote bila kuangalia umri) kitakuwa juu hata kama hakuna kitu chochote kwenye maji. Ndiyo maana tunasawazisha umri, yaani tunahesabu kana kwamba kila mahali pana mgawanyo uleule wa umri. Ila angalia umesawazisha kwa mgawanyo upi: Marekani wanaripoti karibu vifo 6 kwa kila laki kwa mwaka wakitumia mgawanyo wa umri wao wa mwaka 2000, GLOBOCAN inatumia ule wa dunia wa mtafiti Segi wa 1960 uliorekebishwa na mtafiti Doll, wenye vijana wengi, na kwa mgawanyo huo Marekani hiyohiyo inashuka kufika karibu nusu. Ukichukua namba moja huku na nyingine kule umepika ugali wa mahindi na saruji.

Kosa jingine la chapchap: ripoti ya mkoa inasema "saratani ya damu" ikijumlisha lukemia, limfoma (kansa ya mfumo wa limfu) na mieloma (kansa nyingine inayoanzia kwenye uboho), ya taifa inasema lukemia peke yake, namba C91 mpaka C95 kwenye orodha ya WHO ya kuainisha magonjwa. Lazima mkoa uonekane unateketea.

Halafu bahati. Tuseme una halmashauri yenye watu 300,000, na tuseme kwa mfano tu kiwango ni 3 kwa kila laki. Unategemea vifo 9 kwa mwaka. Kwa bahati tupu, bila sumu yoyote, mwaka mmoja unaweza kupata 5, mwingine 14, na hapo hakuna habari. Sasa Tanzania Bara ina halmashauri 184. Zote zingekuwa za ukubwa huo na zenye hatari ileile sawasawa, saba au nane kila mwaka zingepata vifo 15 na kuendelea, na nne hivi zingepata 3 au pungufu. Hizo saba zinaenda kwenye magazeti. Zile nne mkuu wa wilaya anapongezwa kwa uhamasishaji. Mwaka unaofuata ni halmashauri nyingine, na hakuna anayerudi kuuliza zile za mwanzo zimepona vipi.

Mpaka hapa najua kuna mtu anasema kwa hiyo tofauti za mahali hazipo, mnatuambia tutulie. Hapana! Zipo. Na kinachouma ni kwamba Kanda ya Ziwa inayo moja ya kweli kabisa, ila sio ile mnayoipigia kelele. Limfoma ya Burkitt, ule uvimbe wa taya kwa watoto. Denis Burkitt, daktari mpasuaji pale Mulago Kampala, aliuandika mwaka 1958, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakaendesha gari karibu maili 10,000 kutoka Uganda mpaka kusini mwa Afrika, hospitali kwa hospitali, wakionyesha picha na kuuliza, hapa mnauona huu? Ramani ikajichora yenyewe: ukanda wa joto na mvua, tambarare za kuzunguka ziwa na pwani ndiyo, nyanda za juu zenye baridi hapana. Leo tunajua malaria ya mara kwa mara na virusi vya Epstein-Barr vinahusika. Oneni alivyofanya: hakukaa Kampala kuhesabu waliofika kwake, aliwafuata walipo. Na alisaidiwa na kitu kimoja ambacho lukemia haina, taya lililovimba kila mtu analiona, hata bibi anayeuza dagaa anaweza kukuambia ni mtoto wa nani.

Kuhusu zebaki, inaharibu neva na figo, wachimbaji wadogo wanaoichoma jikoni wanajiua na watoto wao wanaumia, hilo lipigiwe kelele usiku na mchana. Kwa lukemia ushahidi wake ni hafifu. Kitu chenye ushahidi mzito kwa lukemia ni benzini, ambayo imo kwenye petroli, na hakuna mheshimiwa hata mmoja niliyemsikia akiongelea vijana wanaonyonya petroli kwa mpira kila asubuhi.

Na hata wenye data nzuri hawalali usingizi. Seascale, kijiji cha Uingereza karibu na kiwanda cha nyuklia cha Sellafield, mwaka 1983 televisheni ikasema watoto wana lukemia nyingi mno, serikali ikaunda kamati ya Sir Douglas Black, ripoti ya 1984 ikakubali ni nyingi kweli, ila mionzi iliyopimwa ilikuwa ndogo mno kueleza. Mwaka 1990 ikaja hoja ya mionzi waliyopata baba zao kazini, tafiti zilizofuata hazikuiunga mkono. Mtafiti Kinlen naye alikuwa na hoja ya wageni wengi kuhamia mahali palipojitenga na kuchochea maambukizi fulani, hoja nzuri, mpaka leo hicho kimelea hakijakamatwa. Na hao wana cheti cha kifo cha kila mtu.

Kwa hiyo kama kuna mtu wa halmashauri anataka kulinganisha kweli: chukua miaka mitano kwa pamoja, sio mmoja. Makazi ya kabla ya kuugua, uliza mara mbili, muulize na ndugu. Tenga C91 mpaka C95 na zile za limfoma. Usijipime na "taifa", jipime na eneo jingine lenye rejista na vipimo vinavyofanana na vyako, kundi la umri kwa kundi la umri, upate vifo ulivyopaswa kutegemea, kisha uweke na wigo wa bahati pembeni. Ukiona bado mmezidi, subiri miaka mingine uone kama mnazidi tena kwa data mpya, na hapo nipigie nitakuja kwa nauli yangu. Halafu safu ya umri msiiache wazi jamani, na ndugu akikisia mwandike kwamba amekisia, maana marehemu wenye miaka 60 kamili na 70 kamili wamekuwa wengi mno humo kwenye mafaili, na wa 61 sijui wamekwenda wapi.