Kashfu: mtu anaposema amefunuliwa

Kaa barazani Lamu siku za Maulidi, na haitachukua muda utasikia kwamba sharifu fulani "ana kashfu". Kashfu ni kufunua, neno lililotoka Kiarabuni. Watu wa tasawufi, yaani Masufi, wanaoitafuta njia ya ndani ya dini, hulitumia kwa hali ya mja kuondolewa pazia la moyo na Mwenyezi Mungu, akajua jambo bila kulisoma wala kuambiwa. Mzizi huohuo ndio uliotupa kashfa na kukashifu, yaani kumfunua mtu aibu yake. Undugu wa maneno hayo hunifikirisha kila ninapoyasikia.

Huwezi kueleza kashfu bila kumtaja Imamu Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111. Anasimulia mwenyewe kwamba alipitia karibu miezi miwili ya shaka kali, hata macho yake asiyaamini, kwani jicho huona kivuli kimesimama kumbe kinasogea. Anasema yakini haikumrudia kwa hoja zilizopangwa, ilimrudia kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Tazama basi: aliyetetea kashfu kwa nguvu kuliko wengi alikuwa ameonja shaka mpaka ikamuuguza.

Hapa pana mambo mawili ambayo watu huyachanganya, hali na dai. Hali ni ile iliyompata mtu usiku akiwa peke yake. Dai ni maneno anayotuletea asubuhi. William James, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetoa mihadhara Edinburgh mwaka 1901 na 1902, alilipambanua jambo hili vizuri: hali ya namna hiyo ina mamlaka kwa aliyeipata, wala haimlazimu mtu mwingine kuikubali. Njaa, kukesha na maradhi ya kifafa pia huweza kuleta mwanga na furaha isiyosemeka. Hilo halithibitishi kwamba kila nuru ni ugonjwa, ila linatosha kumfanya msikilizaji asikimbilie kusema "naamini".

Na kinachonigusa zaidi ni kwamba wenye imani hii wenyewe ndio wakali zaidi kwa wanaojitangaza. Wanazuoni hutofautisha muujiza wa mtume, karama ya walii (mja mwema wa Mungu), na istidraji, ambayo ni ajabu anayoachiwa mtu muovu huku ikimvuta kwenye maangamizi yake. Kuna usemi unaonasibishwa na Bayazid Bastami, Sufi wa karne ya 9: ukimwona mtu amekaa hewani, usidanganyike mpaka umtazame anavyoshika amri na makatazo ya sheria. Mabudha nao, ambao jina la mwalimu wao lina maana ya "aliyeamka", wana kanuni ya watawa isemayo kwamba mtawa anayedai kwa uongo daraja la juu la kiroho hufukuzwa moja kwa moja, sawa na aliyeua mtu. Hata aliyelifikia kweli haruhusiwi kuwatangazia watu wasio watawa.

Kwa nini ukali huo? Sisi wa pwani hatuhitaji kutafuta mfano mbali. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa kwamba kufunga mpaka kufa kutawakutanisha na Yesu. Watoto walikuwemo. Aliyeaminiwa kuwa ana neno la siri kutoka juu hakuulizwa na wafuasi wake swali lolote ambalo angepaswa kulijibu.

Marehemu bibi yangu hakuwahi kumkana walii yeyote, lakini kila alipoletewa habari za mtu wa kashfu aliuliza jambo moja: "Na watu wa nyumbani kwake, wanakula nini?" Alikuwa akimpima mtu kwa walio chini ya mkono wake. Kwa kipimo hicho aliweza kumzungumza Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija akahamia Lamu, kwa saa nzima. Karama zake zinasimuliwa nyingi, na hakuna mizani ya kuzipimia. Lakini aliwafundisha dini watu ambao mji uliwadharau, wakiwemo waliokuwa watumwa na watoto wao, wakati baadhi ya wakubwa wa mji hawakulipenda jambo hilo, na darasa zake zikawa chimbuko la Riyadha, msikiti na chuo cha dini cha Lamu. Wapo Lamu leo wasioamini karama hata moja, na wengine hawahudhurii Maulidi. Ila sijamsikia hata mmoja wao akizikana darasa zile.