Je, wajua kwa nini gundi ya nyuki huitwa propolisi?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba propolisi, ile gundi ya kahawia inayoganda vidoleni mtu anapofunua mzinga, imepewa jina kutokana na polisi, kwa kuwa nyuki huitumia kulinda makao yao. Sikukosea kabisa, kwani maneno yote mawili yana shina moja la Kigiriki, *polis*, yaani mji. Ila "polisi" limetufikia kupitia Kiingereza, likiwa limekwisha kupita katika maana ya utawala, ilhali *propolis* ni Kigiriki kitupu: *pro*, mbele ya, na *polis*.

Kosa la pili ni la wengi, nami nikiwamo: kulifasiri jina hilo kuwa "mtetezi wa mji". *Pro* yaweza kweli kubeba maana ya kutetea, lakini Wagiriki waliliita *propolis* hata eneo lililo nje kidogo ya mji, yaani kiunga, ambako hakuna anayemtetea yeyote. Mrumi Varro naye, akiandika mwaka 37 KK, anasema nyuki hujengea kwa gundi hiyo kizuizi mbele ya tundu la kuingilia. Maelezo yake yanaelekea kwenye "mbele ya", ingawa ni ya mtu aliyekuwa akieleza neno la lugha ya wenzake. Anaongeza kuwa waganga waliitia katika plasta, na kwa hiyo katika barabara ya Via Sacra mjini Roma iliuzwa ghali kuliko asali.

Kazi yenyewe inafanana na kutia jahazi kalafati. Fundi hushindilia pamba yenye mafuta katika nyufa za mbao. Nyuki hubandua utomvu mzito kwenye machipukizi na magome, akaubeba kwa miguu ya nyuma, palepale anapobebea chavua. Chavua huipakua mwenyewe, lakini utomvu hunata mno hata inambidi atulie huku wenzake wakiuvuta kwa taya, kipande kwa kipande, kisha wauchanganye na nta na kuupachika penye ufa. Mwanya usiofika milimita 6 hivi, usiopitisha nyuki, huzibwa.

Hata hivyo sehemu kubwa ya gundi hiyo haiko mlangoni, bali ndani. Panya akifia mzingani, kwa kuwa ni mzito mno kutolewa nje, nyuki humpaka propolisi mwili mzima asioze, naye hukaa hapo, katikati ya mji.